Jeti za Biashara Zilizogeuzwa Kuwa Ndege za Upelelezi: Ulinganisho, Pamoja na Neno Juu ya Majina Yake

Katika magazeti yetu na katika taarifa za habari, kila ndege ya kijeshi isiyobeba mabomu wala askari, na ambayo kazi yake ni kuona au kusikia, aghalabu huitwa kwa jina moja, nalo ni "ndege ya kijasusi". Jina hilo limekwisha kuzoeleka, wala si nia ya makala haya kuliondoa vinywani mwa watu. Nia yake ni kuonyesha ya kuwa chini ya jina hilo moja mna kazi zisizopungua tatu, zilizo mbali mbali kama kazi ya mlinda shamba ilivyo mbali na kazi ya mdukizi. Na ya kuwa mtu asiyezitenga hawezi kuzilinganisha ndege zenyewe, wala hatajua la kuiuliza serikali inapozinunua, au zinaporuka juu ya nchi yake. Mfano tutakaoutumia ni wa ndege za namna moja tu: jeti ndogo zilizobuniwa kuwachukua matajiri na wakuu wa makampuni, ambazo majeshi mengi yamezitwaa, yakaondoa viti vya anasa na kutia mitambo mahali pake.

Jeti hizi si ngeni. Ile ya Kiingereza iitwayo HS 125 iliruka mara ya kwanza mwaka 1962. Learjet 23 ya Marekani na Mystère 20 ya Ufaransa, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Falcon 20, ziliruka mwaka 1963. Majeshi hayakukawia kuziona faida zake. Walinzi wa pwani wa Marekani walitumia Falcon 20 kwa doria ya baharini tangu mwaka 1982 hata mwaka 2014, na Argentina ilikuwa na Learjet za kupiga picha za ardhi. Walakini kazi zilizo kubwa zaidi ziliachiwa ndege kubwa. Ile iitwayo E-3, ambayo watu huitambua kwa sahani kubwa izungukayo mgongoni mwake, na ile iliyoitwa E-8, zote mbili zilijengwa juu ya umbo la Boeing 707, ndege ya abiria yenye injini nne.

Mambo mawili yaliigeuza hali hiyo. La kwanza, mitambo ya rada na kompyuta ilizidi kuwa midogo na myepesi, hata kazi iliyohitaji chumba kizima ikaweza kufanywa na sanduku moja. La pili, katika miaka ya 1990 zilitokea jeti za biashara za namna mpya, zenye uwezo wa kuvuka bahari kuu bila kutua: Gulfstream V, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1995, na Global Express ya kampuni ya Bombardier ya Kanada, iliyoruka mwaka 1996. Kutokana na hizo mbili na dada zao waliofuata, yaani Gulfstream G550 na Global 6000 na 6500, ndimo zilimotoka nyingi za ndege tutakazozitaja.

Sasa yafaa tueleze kwa nini jeshi lipende ndege ya tajiri kuliko ndege ya abiria wengi. Sababu iliyo kubwa ni kimo. Dunia ni mviringo, na mtu aliye chini hazuiliwi na udhaifu wa macho peke yake, bali na mgongo wa dunia yenyewe. Mlinda shamba aliyekaa juu ya dungu, macho yake yakiwa mita 4 toka ardhini, huweza kuona upeo ulio kilomita 7 hivi, ikiwa mahali ni tambarare. Rada iliyotiwa juu ya mlingoti wa mita 30 hufikia vitu vilivyo juu ya uso wa nchi hata kilomita 22 hivi, kwa sababu mawimbi yake hupinda kidogo na kuufuata mviringo wa dunia. Rada hiyo ikipandishwa futi 25,000 upeo wake huwa kilomita 360, na ikipandishwa futi 40,000 huwa kilomita 450. Hiyo ndiyo mipaka iwekwayo na dunia; nguvu za mtambo ni jambo la pili. Basi jeti ya biashara, ambayo ilibuniwa kupita juu ya njia za ndege za abiria na juu ya mawingu ya mvua, ni dungu refu kuliko mengi. Ndiyo maana Singapore, ilipoziondoa ndege zake za E-2C zenye mapanga, ilinunua Gulfstream G550 nne mahali pake.

Sababu ya pili ni gharama na urahisi wa matunzo. Boeing 707 haitengenezwi tena, na ndege iliyoundwa juu yake hupata taabu ya vipuri kila mwaka upitao. Uzito wake wakati wa kuruka hufika tani 150, ilhali Global Express haipiti tani 45 hivi. Yenye injini mbili hunywa mafuta machache kuliko yenye nne, na hutua katika viwanja vidogo zaidi. Aidha, kwa kuwa ndege za namna hiyo hiyo zatumiwa na watu binafsi duniani kote, fundi na kipuri havipatikani kambini peke yake.

Lakini hakuna faida isiyo na bei, na bei ya jeti ya biashara ni nafasi. Chumba cha Boeing 707 kina upana wa mita 3.5 hivi, cha Global Express ni mita 2.5. Ilijengwa kwa ajili ya watu wachache waliokaa kwa raha, wala si kwa safu za mafundi walioketi mbele ya vioo vyao. Hapo ndipo penye kiini cha ulinganisho wote. Majeshi hayakuchagua tu baina ya ndege kubwa na ndege ndogo. Yalichagua pia mahali atakapokaa yule asomaye kilichoonekana. Tuziangalie sasa kazi tatu, moja moja, tukilikumbuka jambo hilo.

Kazi ya kwanza ni kulinda anga. Ndege ya namna hii hukaa upande wa kwao, ikazunguka pale pale saa nyingi, ikitazama kama kuna ndege au kombora lijalo kutoka mbali. Haimfuati mtu, humngoja ajaye. Katika jeti za biashara mbili ndizo zilizo mashuhuri. Moja ni Gulfstream G550 iliyotiwa rada ya Israeli, inayotumiwa na Israeli yenyewe, na Singapore, na Italia. Ya pili ni GlobalEye ya kampuni ya Saab ya Uswidi, iliyojengwa juu ya jeti ya Bombardier; nchi ya kwanza kuiagiza ilikuwa Falme za Kiarabu, mwaka 2015, na ndege ya kwanza ilikabidhiwa mwaka 2020. Uswidi nayo iliagiza zake mwaka 2022.

Mtu akizilinganisha mbili hizi kwa injini, hatapata tofauti kubwa, kwa maana G550 na Global 6000 zote zatumia injini za Rolls-Royce za ukoo mmoja. Tofauti iko mahali ilipowekwa rada. Waisraeli waliziweka antena zao ndefu kwenye mashavu ya ndege, kulia na kushoto, kisha wakaongeza nyingine puani na mkiani, ili ndege ione pande zote. Waswidi waliiweka antena yao mgongoni, ndefu kama boriti, nayo huona vizuri zaidi ubavuni kuliko mbele na nyuma. Ila chini ya tumbo waliongeza rada nyingine ya kutazama bahari, pamoja na kamera. Kwa hiyo ya kwanza ni mlinzi wa anga aliyegeuza uso kila upande, na ya pili ni mlinzi anayetazama anga na bahari kwa zamu moja. Nchi yenye pwani ndefu na nchi iliyozungukwa na majirani pande zote hazina haja moja, na hapana sababu ya kusema ya kuwa moja ya ndege hizi ni bora kuliko mwenziwe pasipo kutaja mahali.

Kazi ya pili ni kuitazama ardhi. Hapa mfano ulio bora ni Sentinel ya Uingereza, iliyojengwa juu ya Global Express. Zilikuwa 5, zikaanza kazi mwaka 2008, na zikaondolewa mwaka 2021. Rada yake ilikaa chini ya tumbo ndani ya kitu mfano wa mtumbwi, nayo ilikuwa na njia mbili za kuona. Kwa njia ya kwanza ilikusanya miangwi mingi huku ndege ikienda, kompyuta ikaiunganisha na kufanya picha ya nchi, usiku au mchana, hata mawingu yakiwa yametanda. Kwa njia ya pili iliviacha vitu vilivyosimama na kuonyesha vinavyokwenda tu, kila kimoja kikiwa nukta juu ya ramani.

Ndege iliyofanya kazi kama hiyo huko Marekani ni E-8 tuliyoitaja, ambayo iliachwa mwaka 2023. Ilichukua watu 22, yaani 4 wa kuiendesha na 18 wa kuisoma rada na kuwasiliana na majeshi. Sentinel ilichukua 5: marubani wawili, mkuu wa kazi mmoja, na wasomaji wa picha wawili. Je, wale wengine walikwenda wapi? Walibaki chini, katika vituo vya ardhini, wakipelekewa picha kwa redio. Hivyo ndege ndogo haikuipunguza kazi ya kusoma, iliihamisha tu. Na kazi ikihamishwa, madaraka nayo huhama, kwa maana msomaji aliye maili nyingi mbali hupokea nukta pasipo kuijua safari nzima ya ndege, na jibu lake humrudia rubani kwa njia ambayo huweza kukatika.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo palipo na hatari kwa watu wasio askari. Nukta juu ya ramani husema: kitu chaenda, kwa mwendo huu, kuelekea upande huu. Haisemi ni nani. Msafara wa harusi na msafara wa wapiganaji, vikienda kwa mwendo mmoja katika barabara moja, huandikwa kwa nukta zile zile. Anayezitenga ni mtu, kwa akili yake na kwa habari alizopata mahali pengine, wala si rada. Kwa hiyo sifa ya ndege ya namna hii haitoki katika ukali wa jicho lake peke yake, bali katika idadi na maarifa ya wasomaji wake, na katika muda waliopewa wa kufikiri kabla ya mtu mwingine kutenda kwa neno lao.

Bara letu lina ushahidi wa jambo hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 2014 wasichana 276 walichukuliwa kwa nguvu kutoka shule ya Chibok, kaskazini ya mashariki ya Nigeria. Mwezi uliofuata Uingereza ilipeleka Sentinel katika mji wa Accra, Ghana, ili isaidie kuwatafuta. Wengine kati ya wasichana walijiokoa wenyewe siku zile za kwanza. Lakini 21 waliachiliwa Oktoba 2016, na 82 Mei 2017, kwa mazungumzo. Hatusemi ya kuwa ndege ilikuwa bure. Twasema tu ya kuwa kuona toka juu na kufika kwa mtu aliye chini ni mambo mawili, na ya kuwa la kwanza halijawahi kuwa badala ya la pili. Hata hivyo wakuu wa Uingereza wenyewe walisitasita juu ya thamani ya Sentinel: mwaka 2010 walitangaza kuiondoa pindi isipohitajika tena Afghanistan, baadaye, ilipokwisha kutumika Libya mwaka 2011 na Mali mwaka 2013, wakaiongezea maisha.

Kazi ya tatu ni kusikiliza. Ndege ya namna hii haitoi mawimbi yoyote ya kutafuta. Hukaa kimya na kuyapokea yale yatolewayo na wengine, yaani mazungumzo ya redio na miale ya rada, ikayapima na kujua yametoka wapi. Kwa kuwa haina haja ya antena kubwa iliyotokeza, kwa nje yaweza kufanana mno na ndege ya mfanyabiashara wa kawaida. Uswidi ina mbili, zilizojengwa juu ya Gulfstream IV, na jina lake la Kiswidi, Korpen, maana yake ni kunguru. Kila moja ina jina lake la pekee, Hugin na Munin, nayo ni majina ya kunguru wawili wa hadithi za kale za watu wa kaskazini, waliokuwa wakiruka duniani kila siku na kumletea habari mungu Odin. Wasomaji wa jarida hili wataona ya kuwa Waswidi wamefanya kwa makusudi lile ambalo lugha yetu ilifanya bila kukusudia: sisi nasi twaliita chombo na kiumbe kwa neno moja, "ndege", tukiachia upatanisho pekee ututengee aliyeruka na iliyoruka.

Ufaransa, iliyoziacha ndege zake za kusikiliza za Transall mwaka 2022, imechagua Falcon 8X yenye injini tatu kwa kazi hiyo hiyo. Jeshi la ardhini la Marekani nalo, ambalo kwa miaka mingi lilitegemea ndege ndogo za mapanga, limegeukia jeti: lilianza na Challenger 650 mwaka 2020, na mwaka 2024 likatoa mkataba wa kuigeuza Global 6500. Sababu iliyotajwa ni ile ile ya dungu: anayepanda juu zaidi husikia toka mbali zaidi, akiwa nje ya mipaka ya nchi anayoisikiliza.

Zipo tena jeti mbili za kijeshi za aina hii ambazo huchanganywa na hizo tatu pasipo haki. E-11A ya Marekani, iliyojengwa juu ya jeti ya Bombardier, haitazami wala haidukizi. Kazi yake ni kupokea maneno ya askari walio upande mmoja wa mlima na kuyafikisha kwa walio upande wa pili. Na EA-37B, iliyojengwa juu ya G550, kazi yake kubwa ni kuyavuruga mawasiliano ya adui. Ya kwanza ni mjumbe, ya pili ni mwenye kuziba masikio ya watu. Kuziita zote mbili majasusi ni kupotosha.

Juu ya hatari, ndege hizi zote ni sawa. Hazina silaha wala mwendo wa kuponyokea. Tarehe 13 Juni 1952, kabla ya kuzaliwa kwa jeti za biashara, Uswidi ilipoteza juu ya bahari ya Baltiki ndege ya kusikiliza iliyotunguliwa na Warusi, na watu 8 walikufa. Jina la ndege hiyo nayo lilikuwa Hugin. Tarehe 7 Juni 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, Learjet 35A ya Argentina iliyokuwa juu sana ilipigwa na kombora la manowari ya Kiingereza, na watu 5 waliokuwamo wakafa. Kwa hiyo kimo kilicho ngao mbele ya bunduki si ngao mbele ya kombora, na ndege hizi hazina budi kukaa mbali na anayezichukia. Wala ardhini hazina salama. Tarehe 5 Januari 2020 uwanja wa Manda, karibu na Lamu, ulishambuliwa na al-Shabaab. Wamarekani watatu waliuawa na ndege kadhaa zikaharibiwa, zikiwamo za uchunguzi. Hizo zilikuwa za mapanga, si jeti. Lakini fundisho ni moja, ya kwamba jicho lililo juu sana hurudi kulala chini.

Tumalizie kwa maneno. Kiswahili hakikukosa msamiati wa mambo haya. Kilichokosekana ni kuutumia kwa mpango. "Jasusi" ni neno lenye lawama ndani yake, nasi humwita hivyo mtu wa upande wa pili. "Mpelelezi" hana lawama hiyo, kwa maana hata askari wa polisi atafutaye mwizi ni mpelelezi. Matokeo yake ni kwamba ndege ile ile huwa ya upelelezi ikiwa ya rafiki, na ya kijasusi ikiwa ya adui, na msomaji hakuambiwa lolote juu ya kazi yake. Twapendekeza basi maneno matatu yaliyomo tayari katika lugha. Ile ingojayo ajaye iitwe ndege ya lindo. Ile iitazamayo ardhi ya wengine iitwe ndege ya kudoya, kwa neno la zamani la kutangulia na kupeleleza nchi, ambalo sasa halisikiwi sana na lastahili kurudishwa. Ile isikilizayo kwa siri iitwe ndege ya kudukiza. "Upelelezi" libaki kuwa jina la jumla.

Huenda mtu akasema ya kuwa wapiganaji hawatangoja kamusi yetu. Ni kweli, lakini kamusi si ya wapiganaji peke yao. Ndege ya lindo hulinda mpaka, na raia ana haki ya kuuliza kama inafaa kwa mpaka ule. Ndege ya kudoya hutazama mashamba na barabara za watu, na raia ana haki ya kuuliza ni nani asomaye nukta zake, na ana muda gani wa kuzisoma. Ndege ya kudukiza husikiliza maneno, na raia ana haki ya kuuliza ni maneno ya nani. Maswali hayo ni matatu, na kwa jina moja hayaulizwi.